Shali ya Kijani Yenye Kiraka

Lakhnau, 4 Septemba 1949

Mwanangu Wasiq,

Salaam na dua. Barua hii inaandikwa kwa mkono wa Sughra, maana mtoto wa jicho sasa amehamia na jicho la kulia. Mwanga nauona, watu siwaoni. Wagonjwa wakiingia inabidi wakohoe ndipo nijue ni nani. Mimi tabibu niliyeosha macho ya nusu ya mtaa, ya kwangu yamenishinda. Cheka, ruhusa unayo.

Sasa sikiliza. Akina Shikoh, wale mabwana wa nyumba kubwa, wanaandaa mushaira nyumbani kwao tarehe kumi na mbili Novemba, na wamesema baraza zima la washairi litakuwa kwa heshima yangu. Nilikataa kwa adabu, wakanisihi, nikakubali kabla hawajamaliza kunisihi. Chipukizi wataanza, wazee watafuata, na mimi nitakuwa wa mwisho. Taabu ni kwamba karatasi siwezi tena kuisoma, na kumbukumbu nayo imeanza kunichezea. Jana nilimuuliza Sughra chakula cha mchana kiko wapi, kumbe nimekwisha kula. Desturi unaijua: ustadh akishindwa, mwanafunzi wake humsomea. Mimi ninaye mmoja tu. Utakaa kushoto kwangu, utanisomea ghazali yangu kwa sauti ile iliyomfanya Mir Ashfaq asahau kutafuna tambuu lake.

Jambo la pili. Tangu Februari hujaniletea shairi hata moja la kusahihisha. Zamani tarishi alikuwa akilalamika kwa ajili yako. Je, umeacha kuandika, au unaandika na kutoa bila kupitia kwangu? Sisemi neno. Nauliza tu.

Uje na nguo ya heshima. Hiyo mnayovaa huko Bombei, ngumu kama gunia, iache huko huko.

Akuombeaye heri,
Tabibu Tasadduq Husain, lakabu Khamosh

(Haya ni yangu, sikumsomea. Njoo, Wasiq. Tangu akina Shikoh walipotoka hapa, kila asubuhi ananiambia niinyooshe ile shali ya kijani, na mushaira bado miezi miwili. Nguo itaisha kwa pasi kabla hajaivaa. Dada yako, Sughra.)


Bombei, 16 Septemba 1949

Ustadh wangu mtukufu,

Shikamoo. Nakubusu mikono kutoka huku mbali. Barua yako nimeisoma nimesimama, kwa furaha ya heshima uliyopewa, ambayo ilistahili kuja miaka mingi iliyopita.

Nasikitika kukuarifu kwamba malaria imenishika. Ni wiki ya pili sasa. Homa ipo tu, asubuhi mpaka jioni, haipandi wala haishuki. Usiwe na wasiwasi, nakula vizuri na usingizi naupata. Ila daktari wa hapa ameniambia nisisafiri mpaka baridi ipite, kwa hiyo Novemba sitaweza kuja. Moyo unaniuma kuliko ninavyoweza kueleza.

Kuhusu mashairi, kazi ya gazeti imenibana sana. Nikipata nafuu nitakuletea kitu.

Mwanafunzi wako mnyonge,
Wasiq Ali, lakabu Tapish


(karatasi ya pili, ndani ya bahasha hiyo hiyo)

Dada Sughra,

Karatasi hii usimsomee. Ichome ukimaliza.

Sina malaria. Nina aibu, na sijui dawa yake.

Nimekwambia zamani juu ya kikundi chetu cha waandishi wa maendeleo, tunaokutana Jumatano juu ya mgahawa wa chai. Mwezi Julai katibu wetu, Hashmat, alisimama akasema mbele ya wote kwamba mashairi yangu yananuka maji ya waridi. Alisema ghazali ni wimbo wa mabwana waliolala kwenye mito, na mshairi wa leo awaandikie watu wa viwanda vya pamba wanaolala njiani. Na mimi nayaamini hayo, Dada, naomba ulijue hilo. Nimewaona hao watu, nimepita juu ya miguu yao. Lakini siku ile sikuwafikiria wao. Nilifikiria nyuso za wenzangu wakinicheka.

Basi nikaandika shairi, nikaliita "Mzee wa Ghazali". Jina sikutaja. Ila nilitia kikohozi kabla ya beti, nikatia kibweta cha tambuu, nikatia shali ya kijani. Beti ya kwanza ni hii:

Mzee wa ghazali ameshiba, anaimbia taji,
nje ya lango lake mtaa unaomba maji.

Walipiga meza. Hashmat alinikumbatia. Nitakwambia kweli: nilifurahi, nikarudi chumbani nikijisomea mwenyewe kwa sauti. Aibu ilikuja asubuhi, na tangu hapo haijatoka.

Jarida letu limelitoa mwezi huu. Na kikundi kimepitisha kwamba hakuna mmoja wetu atakayeketi kwenye mabaraza ya mabwana. Wakati wa kura mkono wangu ulikuwa juu kama mikono ya wenzangu. Sasa nitakaaje kushoto kwake?

Jarida likifika, nakuomba ulifiche. Hana macho ya kulisoma. Asipojua, hataumia.

Wasiq


Lakhnau, 30 Septemba 1949

Bwana mkubwa wa mapinduzi,

Jarida limefika. Nimelisoma jikoni, dengu zikaungua, na tulikula hivyo hivyo zilivyoungua. Baba alisema mkono wangu unazeeka. Nikakubali.

"Hana macho ya kulisoma." Umeyaandika haya kwa mkono wako, wewe uliyejifunza kuandika kwa kushikwa mkono huo na yeye? Ulipoletwa hapa baada ya mama yako kufa hukuwa unafika urefu wa mtungi wa maji. Ulikuwa ukilala na kanzu yake umeikumbatia. Mimi nimefiwa na mume nikarudi kwa baba yangu, nikakukuta umeshika nafasi yangu, wala sikuona wivu. Leo ndiyo mara ya kwanza natamani ningeona.

"Ameshiba," umesema. Lini? Mwaka gani? Niambie siku hiyo nami niikumbuke kwa furaha.

Jarida nimelitia chini ya pipa la unga. Mir Ashfaq alipokuja kucheza sataranji aliuliza, "Mwaka huu vijana wa Bombei hawaleti kitu?" Nikajibu kutoka nyuma ya pazia kwamba jarida lao limeliwa na panya. Baba alimpapasa farasi wake ubaoni, akamsogeza. Tazama ulivyonifanya. Mwanamke wa umri wangu namdanganya baba yangu mzazi, asiyeona, ndani ya nyumba yake. Nikipita mbele yake najisikia kama mwizi.

Barua yako ya malaria nilimsomea. Aliniambia nirudie pale unapoeleza homa. Nikarudia. Akaingia chumba cha dawa, akatwanga mwenyewe kwa kupapasa, akanikataza hata kusogea mlangoni. Kifuko hiki ndicho hicho. Anasema kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, na umwandikie ukishaanza kutumia.

Kitumie au kitupe, mimi sijui. Umwandikie.

Sughra


Bombei, 12 Oktoba 1949

Ustadh wangu mtukufu,

Shikamoo. Dawa yako imefika na nimeitumia kama ulivyoagiza. Ni chungu kama shubiri, lakini siku ya tatu tu homa ikaanza kuniachia. Daktari wa hapa ameshangaa, akaniuliza ni mkono wa nani. Nikamwambia ni mkono wa Tabibu wa Lakhnau asiye na mfano. Ila nguvu bado hazijarudi, na safari ya treni ni ndefu.

Siku ya mushaira moyo wangu utakuwa kushoto kwako.

Mwanafunzi wako mnyonge,
Wasiq


(karatasi ya pili)

Dada,

Nimekusoma mara nyingi. Yote uliyosema nastahili.

Kifuko sijakifungua. Kiko dirishani. Nikikigusa mkono unarudi wenyewe. Ametwanga asiyeona, kwa ugonjwa ambao sina.

Nilimwendea Hashmat, nikamwambia yule mzee wa kwenye shairi ni mtu aliyenilea, na anataka nimsomee mbele za watu. Hashmat si mtu mbaya. Aliniuliza, "Kwani uliyoandika ni uongo?" Nikasema si uongo. "Basi unaonea aibu nini, ndugu?" Kila neno, peke yake, naweza kulitetea. Nikiyaweka pamoja na kuuona uso wa Ustadh nyuma yake, natamani ardhi inimeze.

Ningeweza kupanda treni kesho. Nitakwambia kinachonizuia, na kinanifedhehesha kuliko shairi: naogopa wenzangu watasema, "Si tulisema? Amerudi kwenye mito."

Baada ya mushaira, mambo yakipoa, nitakuja. Endelea kulificha lile jarida. Tafadhali.

Wasiq


Lakhnau, 14 Novemba 1949

Wasiq,

Nakuandikia yaliyotokea juzi, kwa sababu wengine watakusimulia, na wengine wataongeza chumvi. Sihitaji kuongeza.

Sisi wanawake tuliwekwa nyuma ya pazia upande wa ua, lakini lilikuwa jepesi, tuliona yote. Baba aliingia baada ya magharibi akishikwa mkono na Mir Ashfaq, na shali yake begani. Alipoketi aliagiza mto mmoja uwekwe kushoto kwake. Kijana mmoja wa akina Shikoh akataka kuukalia. Baba akausikia ule mto ukibonyea, akasema, "Samahani, bwana, hapo pana mtu."

Vijana wakasoma, wazee wakasoma. Taa ya msomaji ikawa inahama kwa mmoja mmoja mpaka ikawekwa mbele yake. Mwenye nyumba akasema kwa heshima, "Ustadh, tumesikia mwanafunzi wako anaumwa. Nikusomee mimi?"

"Hapana, nakushukuru. Ghazali yangu nimeiacha nyumbani," akasema Baba. "Leo nina shairi la mwanafunzi wangu, Wasiq Tapish. Limechapishwa Bombei bila kupitia kwangu, kwa hiyo lina makosa mawili. Nimeyasahihisha. Tafadhali sikilizeni."

Nilishika ukuta.

Akalisoma lote, Wasiq. Mzee anayesahau kama amekula ameshika shairi lako lote, beti kwa beti, hata pale kwenye kikohozi, na hapo akakohoa kweli, watu wasijue wacheke au vipi. Lakini mwanzo ulikuwa hivi:

Mzee wa ghazali ana njaa, analilia sifa,
nje ya lango lake mtaa una kiu, unakufa.

Akasimama kidogo hapo. Akasema, "Kijana aliandika kwamba mzee ameshiba. Alikula sufuria moja na mzee huyo, anajua si kweli. Njaa yake ilikuwa nyingine. Miaka arobaini mzee amesubiri baraza kama hili, na angeimbia ukuta kama ukuta ungesema 'Vizuri!' Hilo ndilo kosa lake. Kijana alilenga, akakosa kidogo."

Nikamwona mwenye nyumba anatazama zulia.

Alipofika kwenye shali akaishika ile ya begani, akasoma: shali ya kijani, na kiraka chini ya bega. Akasema, "Kiraka hiki kijana alikiona kikishonwa. Akakiacha. Mshairi wa wanyonge haachi kiraka." Akaigeuza ile shali mbele ya watu wote. Kiraka nilichokishona mimi, usiku wako wa mwisho kabla ya kuondoka, ukinishikia taa.

Vijana waliokaa nyuma ndio walioanza kupiga kelele, "Rudia! Rudia!" Kisha na wazee. Watu wa nyumba kubwa wakaondoka mmoja mmoja, kwa adabu, kama wanaokwenda kunywa maji. Akarudia. Mir Ashfaq alikuwa analia waziwazi.

Njiani ndipo nikajua. Mir Ashfaq ndiye aliyenunua jarida lake mwenyewe stesheni, mwanzoni mwa Oktoba, akaja nalo akicheka, akamsomea. Baba akamwomba asome mara ya pili, na ya tatu. Tangu siku ile hakutaka tena kunyooshewa shali, na mimi mjinga nikadhani amechoka.

Nyumbani nikapiga magoti, nikamwambia, "Baba, nisamehe, ni mimi niliyelificha." Akasema, "Najua. Panya wa nyumba hii wamesoma sana." Kisha akanipa shali. "Ikunje, mwanangu. Kazi yake imekwisha."

Mimi nimeshindwa hata kumtazama. Wewe sijui unaweza nini.

Sughra


Bombei, 21 Novemba 1949

Ustadh,

Sina neno la kuanzia. Yale maneno mazuri ya mwanzo wa barua nimeyatumia sana kwa uongo, yameharibika mkononi mwangu.

Sikuumwa. Sikupata homa hata ya siku moja. Sikuja kwa sababu niliwaogopa wenzangu na nilikuogopa wewe, nikachagua kuwaogopa wao. Nilimwomba Dada akudanganye, na nilitegemea macho yako yasione. Hilo la mwisho linaninyima usingizi. Shairi naweza kulitetea mbele ya mtu yeyote. Hilo siwezi.

Nilisema umeshiba. Mimi niliyekuwa nikipewa ukoko wa sufuria na wewe ukisema hupendi ukoko.

Masahihisho yako yamefika huku kabla ya barua ya Dada, mtu alikuja nayo kutoka Lakhnau, na Jumatano vijana walikuwa wanayasoma. Hashmat alisema, "Hili sasa ndilo shairi. La kwanza lilikuwa kelele. Nani amekusaidia?" Wote wakanitazama. Nikasema, "Mzee mwenyewe." Hakuna aliyepiga meza. Hashmat alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama naweza kumpa anwani yako. Sikumpa. Sikuona kwamba nina haki ya kumpa mtu anwani ya nyumba hiyo.

Wanataka kulichapisha upya, kama ulivyolisahihisha. Nimewaambia si langu tena, lazima niombe ruhusa.

Naomba ruhusa nyingine. Nataka kuja. Sitaki kusamehewa, sijui hata hiyo kazi inaanzwaje. Sitaki kuingia ndani. Nitakaa kibarazani, pale panapovuliwa viatu, nipange viatu vya wagonjwa kama zamani nilipokuwa mdogo. Ukinisikia usiniulize ni nani. Nami sitakohoa.

Wasiq


Lakhnau, 29 Novemba 1949

Wasiq,

Naandika mwenyewe. Mistari ikigongana, wewe uiachanishe. Sughra yuko sokoni.

Iliniuma. Usije ukadhani haikuniuma kwa kuwa nilisoma kwa sauti nzuri. Siku Mir Ashfaq aliponisomea nilimshinda sataranji, nikamsindikiza mlangoni, kisha nikakaa chumba cha dawa mpaka Sughra akadhani nimelala. Iliniuma zaidi kwa sababu ni zuri. Lingekuwa baya ningekula vizuri siku ile.

Tena ni kweli. Tulikaa kwenye mazulia ya watu tukihesabu vina, na nje watu wakifa njaa. Lichapisheni. Jina langu lisiwepo popote. Ustadh hatii saini kwenye masahihisho, na wewe unalijua hilo, ila siku hizi inabidi nikukumbushe.

Hashmat mpe anwani. Mtu anayefuta miwani badala ya kusema ana kitu ndani yake. Aje kucheza sataranji, Mir Ashfaq ananichosha.

Kibarazani hutakaa. Pana baridi, na wagonjwa wanapanga viatu vyao wenyewe sasa. Utakaa kushoto. Ile ghazali yangu bado haijasomwa na mtu.

Barua yako ya malaria, hiyo sikuweza kuisahihisha, imeoza yote. Mimi ni tabibu, Wasiq. Homa ya malaria hupanda na kushuka, humtetemesha mtu mpaka kitanda kigonge ukuta, na mwenye nayo hataki hata harufu ya chakula. Wewe ulikuwa unakula vizuri. Siku ile ile nilijua, kabla ya Mir Ashfaq na jarida lake. Nikakutumia dawa nione kama utarudi kwenye kweli au utasonga mbele. Ukaniandikia kwamba ni chungu kama shubiri.

Ni mbegu za shamari na sukari, mwanangu. Uongo sikukufundisha, ndiyo maana unauandika vibaya.

Kifungue hicho kifuko. Utakula njiani.

T. H.